Kidude cha Kokwa

Nilikinunua mnadani Newala, shilingi mia tano,
kati ya bawaba za milango na vijiko vilivyopinda.
Kina mdomo wa koleo: huku pete,
huku kijiti butu cha chuma,
na springi inayokirudisha kinywa wazi
kama mtoto aliyezoea kulishwa.
Likwena, muuzaji, alisema ni cha kutobolea masikio.
Alipoona nasita akasema basi, ni cha kuku.
Sikumuuliza kuku hufanywa nini nacho.

Nyumbani tukakijaribia korosho.
Ikateleza, ikaruka, ikampata mbuzi wa watu.
Mama akacheka mpaka akashika ubavu:
"Utatoaje mbegu ndani ya tunda
lililokwisha kuitoa lenyewe?"
Kweli. Bibo letu halifichi kitu.
Limeuning'iniza moyo wake nje,
kila apitaye auone,
kisha likauvika ganda la moto.

Mama analijua ganda hilo.
Miaka ishirini na mitatu amebangua,
kwanza kiwandani, kwa mashine ya kukanyaga,
halafu, kiwanda kilipofungwa, barazani,
nyundo, jiwe, majivu viganjani,
na mafuta ya ganda yakimla taratibu.
Siku ya kuandikisha vitambulisho
kijana alimbonyeza vidole kwenye kioo,
akafuta kioo, akambonyeza tena,
akamfuta vidole, akavipuliza kama chai.
Mashine haikuona mtu.
"Mama, huna alama."
"Ninazo," alisema Mama.
"Zilipakiwa magunia pamoja na korosho.
Kawaulize waliokula."

Mwalimu Chitanda alikuja kuazima ungo,
akakiona kidude, akakigeuzageuza,
akakumbuka picha aliyoiona zamani:
huko kwa wenzetu, akasema,
hiki hutolea kokwa za zaituni.
Mama akaacha kupepeta.
"Zaituni ni mdogo wangu, yuko Nachingwea.
Ana watoto saba na ubishi.
Kokwa sijaiona."

Kikakaa dirishani, kikashika vumbi.
Mpaka Desemba, mzambarau wa nyuma ya choo
ulipoanza kudondosha juu ya bati:
ta. Tata. Ta.
Mama alikitwaa bila kuniambia.
Nilimkuta mkekani, bakuli mapajani,
zambarau moja imekalia pete.
Akaminya.
Tk.
Kokwa ikatokea upande wa pili, uchi,
na tunda likabaki zima,
tundu katikati, mithili ya shanga.

Akakitazama kidole gumba. Akakinusa.
Akangoja, kama anayengoja
mtu aliyechelewa kufika.
Moto haukuja.
Akaminya nyingine. Tk.
Nyingine ilikuwa ndefu, ikakwama, ikapasuka,
akaila hiyo, akasema hasara haitupwi.
Watoto wa jirani wakaanza kusogea,
mmoja mmoja, kwa visingizio:
huyu anatafuta mpira, huyu kaja kusalimia.
Tk. Tk.
Kwa wote alikuwa na jibu moja:
"Fungua mdomo."

Jioni mikono yake ilikuwa zambarau hadi viwikoni.
Akasimama, akashika ukuta kujinyoosha,
ukuta niliopaka chokaa juzi tu.
Nikafungua kinywa kulalamika, nikaliona doa:
la mviringo, limejaa rangi,
halina mstari hata mmoja,
laini kama ganda la tunda.
Nimelipita na ndoo ya chokaa mara mbili sasa.
Bado lipo.

Usiku akaomba simu, akampigia Nachingwea.
"Zaituni! Tumepata chuma cha kukutoa kokwa!"
Zaituni akauliza kokwa gani.
Akaeleza. Zaituni akabisha.
Akaeleza tena, kwa sauti, kidude mkononi,
akikiminya hewani karibu na simu, tk, tk,
ili yule asikie mwenyewe,
mpaka salio likakatika,
na Mama akaendelea kueleza.