Swali la Saba

Nilianza Januari, usiku, meza ya jikoni,
theluji imefika kitasani mlango wa nyuma,
na kinu cha karatasi kilichomlisha Eino miaka ishirini
kimefungwa, hakitoi hata ule uvundo wake
ambao Thunder Bay nzima tuliuita harufu ya mshahara.

Droo ya tatu ndiyo iliyokuwa mtaji:
miaka kumi na miwili ya darasa la tatu,
karatasi zenye duara za vikombe vya kahawa,
kadi za silabi, michezo ya kuzidisha,
na zile kurasa tano za hesabu za sehemu
nilizozichora kwa mkate wa iliki wa bibi yangu,
umekatwa vipande vinane,
kwa ajili ya watoto wasioelewa asili na kiasi
mpaka waone kitu cha kuliwa.

Kuuza? Niliona haya.
Mwalimu hutoa, ndivyo tulivyolelewa:
kalamu yako, jioni yako, soksi zako za akiba
kwa mtoto aliyekuja na maji viatuni.
Nikaandika dola tatu. Nikafuta.
Nikaandika bure. Nikafuta.
Eino alikuwa akimenya viazi, hakugeuka:
"Fundi bomba akija hapa, huwa anaona haya?"
Nikaandika dola mbili na nusu.

Dubu niliyemnakili kitabuni hakuwa wangu,
nikamtoa. Nikachora wa kwangu,
akatoka kama kiazi chenye masikio. Nikamwacha.
Nikatengeneza jalada, na ukurasa mmoja wa kuonjesha,
duka nikaliita Kipande cha Nane,
nikabonyeza, nikafunga kompyuta haraka
kama mtu aliyerusha jiwe gizani.

Siku kumi na tisa, hola.
Nilichungulia simu kati ya kipindi na kipindi,
nikawakemea watoto kwa kuchungulia simu.

Siku ya ishirini, mteja: mwalimu wa Tasmania,
ambako muhula ulikuwa unaanza na jua kali.
Tovuti ikakata chake, nikabakiwa na dola moja na ushei.
Eino alipika kahawa saa nne usiku,
tukainywa tumesimama, kama harusini.

Kesho yake, ujumbe:
*Asante, Riitta. Watoto wameupenda mkate.
Ila swali la saba: thumni tatu, ongeza thumni mbili.
Majibu yako yanasema thumni sita.*

Nikahesabu kwa vidole, mimi, mwenye cheti ukutani.
Tano.

Kurekebisha kulichukua dakika moja.
Kisha nikakaa pale, chai ikapoa, ikaota ngozi,
maana karatasi ile ya majibu ndiyo niliyosahihishia
miaka yote, usiku, kwa kalamu nyekundu,
macho yakiwa nusu, mkono ukijiendea.

Wengi walinyamaza. Mmoja alikuja mezani,
Corrado Belluz, jino la mbele halipo,
kidole juu ya alama yangu ya kosa:
"Lakini, mwalimu..."
"Rudi ukahesabu tena," nikamwambia.
Akarudi. Akafuta mpaka karatasi ikatoboka,
akaandika sita kando ya tundu,
nami nikampa vema.

Mei, barafu imekwisha ziwani,
nikapeleka gari kuvua matairi ya theluji.
Alikuwa yeye, ndevu changa, ovaroli ya buluu.
"Corrado," nikasema, "ilikuwa tano."
"Nini ilikuwa tano?"
Nikamweleza yote, pale, katikati ya kelele za spana.
Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.
"Sikumbuki, mwalimu," akasema. Labda ni kweli.

Akaniandikia risiti.
Akaijumlisha kwa kalamu, akaitazama,
akaijumlisha tena kutoka chini kwenda juu,
midomo ikicheza.
Ilikuwa sahihi mara zote mbili.