Sekunde Thelathini

Saa tatu kamili king'ora kinalia bondeni, mara tatu,
na kondoo wa Torleiv hawainui hata vichwa.
Kampuni ya umeme inatukopesha maporomoko yetu wenyewe:
dakika ishirini kila Jumamosi, Juni hadi Agosti.
Maji yakimwagika hayazoleki? Wao huyazoa,
huyapima, huyauza ng'ambo,
na mwamba hubaki mkavu wiki nzima
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Mimi ndiye niliyekuwa nikilifungua lango.
Miaka ishirini na sita, kidole kimoja, kitufe cha kijani.
Sasa niko huku chini, mabuti yamezama topeni,
miguu mitatu ya kamera nimeikita kati ya mawe,
na kioo cheusi nimekifunga mbele ya lenzi,
cheusi kama miwani ya mchomelea vyuma.
Ukichungulia huoni kitu.
Unapiga kwa imani.

Wageni kutoka Bergen hupiga chapchap,
kila tone linaning'inia hewani kama kigae.
Hakuna jicho lililowahi kuuona mto hivyo.
Wala mto wangu, nakiri: maziwa, moshi, shela.
Eilif husema nauvalisha nguo za kanisani.

Leo nimemwomba asimame pale, kwenye jiwe bapa.
“Sekunde thelathini? Bila kutikisika?”
“Tuligombana mwaka mzima kuhusu paa,” nikamwambia,
“na hukutikisika hata kidogo.”
Akacheka. Kisha akanyamaza, kidevu juu,
kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Nabonyeza.
Nne. Tano. Povu la kahawia linazunguka kidimbwini.
Kumi na moja. Ndege mwenye kifua cheupe
anakatiza katikati yetu;
hatakuwemo. Apitaye upesi mwanga haumwandiki.
Kumi na tisa. Naona anavyoukaza mkono wa kushoto,
anaubana pajani, anaukemea kimyakimya.
Ishirini na sita. Vumbi la maji limefika midomoni mwangu,
lina ladha ya chuma.
Thelathini.

Anakuja taratibu, anainama juu ya kioo cha nyuma.
Mwamba: kila ufa.
Koti jekundu: kila kifungo, hata kile nilichokishona kwa uzi wa bluu.
Uso wake umetulia, wa kijana karibu.
Na pale mkono wa koti unapoishia
hakuna vidole. Kuna ukungu mweupe tu,
unashuka, unaungana na mwingine nyuma yake,
usijue upi ni wa mto.

Daktari wa Førde aliupa ugonjwa jina refu.
Nyumbani tunasema “ule mkono”, basi.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kufuta.
“Acha,” akasema.
Akatazama tena, karibu zaidi, miwani imepanda kipajini.
“Hapo umeupata.”
Sikumuuliza nini.

King'ora, mara moja. Lango linafungwa.
Mto unapungua, unakuwa uzi, unakuwa tone,
mwamba unaanza kukauka kuanzia juu.
Bonde zima kimya,
isipokuwa mfukoni mwake,
funguo za gari,
zinaendelea kulia.