Kiwanja cha Msongola

Dalali Mkude ananionyesha upepo.
"Sikia hewa hiyo, dada. Na lami inakuja."
Lami inakuja tangu kiwanja kilipokuwa laki saba.

Nimebeba daftari la hesabu la Mwanahawa,
kurasa za nyuma, zilizobaki nyeupe.
Swali la kwanza: maji yanatoka wapi?
La pili, ambalo Mkwajuni sikuliuliza:
yanakwenda wapi?

Nachimba kwa kijiko,
kimoja kilichosalia katika seti ya sita.
Juu kichanga, chini kidogo mfinyanzi mwekundu.
Muhogo utakubali. Mchicha utadai samadi.
Kisima? "Futi tisini," anasema Mkude.
Kijana wa bodaboda anacheka: "Mia na ishirini,
na sabuni haitoi povu."
Naandika mia na ishirini. Naandika povu.

Mpaka zahanati, hatua elfu mbili na mia nne.
Kisha nakumbuka kwamba hatua za usiku,
na mtu mgongoni, si hatua hizi.
Nazidisha mara tatu.
Daraja ni moja, la magogo.
Hati ipo kwa mwenyekiti,
mwenyekiti yupo msibani.

"Dada, unanunua kiwanja au unaoza binti?"

Simjibu.
Huyu hajalala juu ya kabati
amekumbatia mtoto na jiko la mchina,
akisikiliza friji ya jirani, inayoelea,
ikigonga mlango taratibu,
kama mgeni mwenye adabu.

Kwenye banda la kuku la jirani
kuna mstari wa kahawia, kimo cha goti,
umenyooka kama uliopigwa rula.
"Rangi hiyo," anasema Mkude.
Naukwangua kwa ukucha. Rangi inakuwa vumbi.

"Ni tope," anasema mwenye kuku,
pumba imemjaa mpaka kwenye viwiko.
Mwamvua, ndilo jina lake; hakujichagulia.
"Lilikuja saa tisa usiku, likakaa siku mbili.
Kuku arobaini walikwenda.
Wewe ukijenga, jenga kule kwenye mwinuko,
huku bondeni panda migomba."
Mkude anapiga simu isiyo na mtu upande wa pili.

Nafungua ukurasa mpya, niandike: jirani, msema kweli,
naye ananitazama mimi,
kuanzia kandambili hadi mtandio,
kama mtu anayepima gunia kwa macho.
"Na wewe," anasema, "una nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

"Una ngazi? Mtaa huu wote hatuna ngazi.
Usiku ule tulipandishana mabegani.
Bibi yake Shomari alikataa kukanyaga bega la mwanamume,
tukambembeleza, maji yapo kiunoni."

Ninayo. Ya mbao, futi kumi na mbili.
Niliinunua Buguruni siku tatu baada ya mafuriko,
kabla ya godoro, kabla ya sufuria,
na shemeji zangu wakaninong'ona.

"Ninayo," nasema.
Anafuta pumba mikononi, anaitikia kwa kichwa.
Daftarini hakuna pa kuandika hilo.
Namuuliza Mkude bei yake ya mwisho.