Nyumba ya Mwisho Mferejini

Kaunta buku ya kwaya tatu ninayo bado.
Ina alama za vidole vyenye udongo wa Kidia
na duara la kikombe cha chai
kwenye ukurasa wa uchaguzi.

Siku ile wagombea walikuwa watatu.
Wa kwanza aliahidi saruji kutoka kwenye banio hadi bondeni.
Wa pili aliahidi mabomba na mfadhili,
na picha ya mfadhili ameshika jembe.
Aikande akasimama wa mwisho,
akafuta mikono kwenye kanga, akasema:
"Nataka maji yafike kwa Ndetaramo."
Akaketi.
Mimi, katibu, kalamu hewani,
nilidhani hotuba bado inakuja.

Ndetaramo ndiye nyumba ya mwisho,
kule chini, kahawa zilikozeeka, ukingoni mwa korongo.
Mtu wa matusi, hendi msibani,
na Aikande aliwahi kumtukana kilabuni
watu wakishika vibuyu vyao bila kunywa.
Kwake mfereji ulifika umekuwa jasho:
unyevu kidogo
na majani makavu ya mgomba.

Alishinda kwa kura nne.

Tangu hapo kila neno lilipimwa kwa nyumba ile.
Mnagombea zamu? "Mkigawana hivyo,
yatafika kwa Ndetaramo?"
Mnataka kuchinja mbuzi, kuzindua banio?
"Mbuzi atayafikisha?"
Mikutano iliyokuwa ikila mchana mzima
ikaanza kuisha kabla mbege haijapoa,
na mimi, niliyezoea kujaza kurasa sita,
nikawa naandika mistari minne, mitano,
nikiona haya kidogo, kama mtu anayelipwa bure.

Kaka yake, Eliamani, kihamba chake kiko juu kabisa.
Usiku mmoja alitoboa ukuta wa mfereji,
akafunika tundu kwa gome la mgomba.
Alfajiri Aikande alikuja na jembe, bila kelele.
Akaziba. Akakanyaga udongo mpaka ukashika.
"Kaka, hayo hayakuwa yako," alisema.
"Yalikuwa njiani."

Sauti yake haikuwa kubwa. Hakuna aliyemwogopa.
Lakini vijana waliozoea kulipa faini
kuliko kuja msaragambo
walianza kufika kabla ya umande kukauka,
na ukiwauliza kwa nini
walikuonyesha bondeni, kwa kidevu tu.

Kisha kiangazi, na Aikande akalazwa KCMC
kwa upasuaji, wiki tatu.
Alhamisi ya zamu ya chini ilipofika
nilisema moyoni: leo ndiyo mwisho.
Nikachukua tochi, nikaufuata mfereji.
Kwenye lango la kwanza nilimkuta Eliamani,
miguu majini, akizoa majani.
Hakunisemesha. Nami sikumsemesha.
Mbele zaidi, mabinti wawili wa kwaya
walikuwa wakishindilia matope kwenye ufa.
Na kule mwisho, uani kwa Ndetaramo,
watu kumi na mmoja wamesimama gizani
wakitazama ardhi kavu.

Saa nane za usiku ulimi wa maji ulitokea,
ukisukuma povu, vijiti,
na kizibo kimoja cha soda.
Ndetaramo akatoka na blanketi begani.
Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja.
"Yamefika," alisema.
"Lakini yana matope."

Asubuhi nilikwenda hospitali na taarifa ndefu.
Aikande alinyanyua kidole kimoja juu ya shuka:
"Yamefika?"
Nikamsomea kama nilivyoandika, pamoja na matope.
Alicheka akishikilia nyuzi zake,
kisha akakunja uso.
"Basi huko juu pana mahali panabomoka.
Nani amekwenda kuangalia?"

"Ndetaramo," nikasema.
"Ameondoka tangu alfajiri. Na jembe."