Ekari Kumi na Moja

Lango ni la mbao, kimo cha mbuzi.
Unalisukuma kwa goti, mikono mifukoni,
maana upepo wa Frisia haujui Aprili.

Mgeni mmoja, ameshuka basi la saa nne,
aliuliza: mandhari yenyewe iko wapi?
Wytske akamwonyesha viatu vyake.
Maji yalikwishafika kwenye kamba.

Hapa tuko chini ya bahari, akasema,
tena si kwa msemo: kwa rula, mita moja na nusu.
Bahari iko nyuma ya lile tuta.
Ukinyamaza utaisikia ikicheua.

Kiingilio euro mbili, tia kwenye kopo la maziwa.
Kopo ni la Hylke, baba yake,
aliyeikamua ardhi hii miaka arobaini
kama alivyokamua ng'ombe,
mpaka chuchu ikauke.
Pampu ilikoroma usiku kucha,
mitaro ikanyooka, majani yakawa ya kijani kimoja,
na skries, ndege wa miguu mirefu
mwenye kulitaja jina lake mwenyewe angani,
akaondoka bila kuaga.

Binti aliigeuza pampu.
Ile ile, kutu ile ile:
sasa inayanywa maji ya mfereji
na kuyatapika shambani.
Majirani wakacheka, huyu anatwanga maji kinuni.
Mzee hakucheka. Alihamisha kiti chake
dirisha la upande wa pili, penye barabara,
akahesabu malori, miezi saba.

Njia ni ya mbao, hatua mia tatu na kidogo.
Usikanyage nje: kiota ni shimo tu la nyasi,
mayai rangi ya matope yanayoyazunguka.
Ubao wa hamsini na mbili umelegea.
Wytske anajua. Atautengeneza
vifaranga wakishatembea.

Jioni huhesabu fedha, husoma daftari la wageni.
*Baridi sana. Pazuri. Choo kiko wapi?*
Mtoto kachora kitu, bata au ndala.
Chini yake, kwa penseli nene ya seremala,
mwandiko anaoujua kutoka risiti za maziwa:

*Watatu. Mmoja anachechemea.
Ubao wa 52 utamvunja mtu mguu.*

Akalihesabu kopo mara ya pili.
Euro mbili zilizidi,
sarafu kwa sarafu, za shaba,
zina harufu ya tumbaku.