Mkoba wa Turubai

Alfajiri redio ilisema kusini ardhi imejigeuza
kama mtu aliyelala vibaya,
na miji imeanguka kitandani.
Baba hakusema neno. Aliingia stoo.

Sisi wa Zonguldak tunajua mambo mawili, mvua na makaa.
Baba anajua na la tatu:
kuingia pasipoingilika
na kutoka na mtu.

Basi litaondoka lango la mgodi saa mbili.
Tuna saa moja na ushei, na mkoba mmoja wa turubai
ambao mkanda wake mama aliushona kwa waya.

Mama anaanzia tumboni:
mkate, zeituni, jibini ndani ya kitambaa kibichi, majani ya chai.
"Usiende kuwa mgeni wa waliofiwa," anasema,
"kula chako, kunywa chako, na ukojoe mbali."
Baba anaanzia magotini:
vikinga-goti vya mpira, kofia ngumu, taa ya kichwa,
betri sita za mraba, kila moja akiigusa kwa ncha ya ulimi,
uso ukimkunjamana kama mtoto aliyelamba ndimu.

Kisha kabari za mbao. Nyingi. Mkoba ukaguna.
"Huko si watakuwa na jeki za chuma?" nikauliza.
"Chuma hukuua kimyakimya.
Mbao hulia kwanza."

Mimi nilipewa kalamu ya wino usiofutika,
niandike ndani ya kofia:
Bünyamin, mwana wa Rüstem. Simu ya nyumbani.
Kundi la damu, nikamwuliza, ni lipi?
"Lako," akasema, akiendelea kufunga kamba.
Ile herufi moja niliiandika mara mbili,
ya kwanza ilitoka imepinda.

Mlango ukabishwa. Ümmühan wa ghorofa ya chini,
mjane tangu majira ya plamu,
ameshika viatu vya mumewe, vimepigwa rangi, vinang'aa.
"Arobaini na tatu," akasema. "Huko kuna mtu
ametoka pekupeku kwenye theluji."
Akaondoka kabla hatujamkaribisha.

Mkoba haukukubali.
Tuliukalia, tukausukuma, tukautukana.
Baba akatoa sweta yake ya pili,
ile aliyofumiwa majira yote ya baridi yaliyopita,
akaiweka juu ya kiti taratibu kama anayelaza paka,
akaingiza viatu vya marehemu.
Mama aliona. Alimimina chai
mpaka ikafurika kwenye kisahani.

"Mkifika mtaanza na nini?" nikamwuliza ngazini.
"Kunyamaza.
Mashine zinazimwa. Mwenye kikohozi anakimeza.
Mmoja analala kifudifudi, anauliza zege:
kuna anayeisikia sauti yangu?
Halafu tunangoja.
Hiyo ndiyo kazi, binti yangu. Kuchimba ni kupumzika."

Alipokwisha kwenda niliziona glavu mezani,
nene, za ngozi, mpya, zilizonunuliwa kwa mkopo.
Nikashuka nazo ngazi zote za mtaa, mvua usoni,
basi likinguruma tayari, wanaume arobaini ndani
na moshi wa sigara arobaini.
Akafungua dirisha. Akazitazama.
Akanirudishia.
"Ukuta husikilizwa kwa ngozi ya mtu," akasema,
"si kwa ngozi ya ng'ombe."
Nikataka kumjibu kwamba ng'ombe naye ana masikio,
lakini lango lilikuwa limefunguliwa.

Nilipanda kurudi nimezivaa,
vidole vyangu vikiogelea ndani yake.

Jikoni redio imezimwa.
Birika limetolewa motoni.
Mama amekaa, sweta imemlalia mapajani.
Nikafumbua mdomo.
Akainua kidole,
nami nikasimama hapo mlangoni,
nikamsaidia kungoja.