Asilimia Mbili

Gari la kamera lilipita Mtaa wa Nakaduli
tarehe kumi na tisa Februari,
Kutaisi nzima ikiwa imevaa koti.
Mimi sikuwemo garini. Mimi huletewa picha tu,
moja kila mita hamsini,
nikaifunza kompyuta kama mtoto wa chekechea:
hili jani. Hili si jani.
Shuka la kijani kwenye kamba ya Bi Lamara, si jani.
Mlango wa gereji ya Badri, kijani cha chura, si jani.

Somo lilichelewa. Ilikwisha kuvihesabu vyote viwili,
na hiyo ndiyo asilimia mbili ya mtaa:
shuka na mlango.

Ramani ikatundikwa ukumbini manispaa.
Nakaduli ikatoka nyekundu, rangi ya nyanya,
maana yake: hakuna kivuli, pelekeni miche.

Juni akaja Bi Lamara na gunia.
Hakuketi. Akalimimina juu ya meza yangu,
majani ya mforsadi, mapana, yangali na umande,
na matunda yaliyopondeka yakatia zambarau
barua, kikokotoo, mkono wa shati langu.
"Pima," akasema.
Nikaanza kumweleza habari za majira, za nukta, za wastani.
"Mwanangu, mtu akipigwa picha siku aliyonyoa
mtamwandika kipara?"

Nikaenda kwa miguu, simu mkononi,
nikipiga picha kwa kimo cha macho yangu.
Miforsadi arobaini na mmoja.
Mmoja umemeza kengele ya baiskeli, gome limeifunika nusu;
mwingine umefungwa kamba, ndiyo ile ya shuka.
Anga nililiona vipandevipande.
Thelathini na nne kwa mia.

Badri alinifuata hadi kona, akinong'ona:
"Iache mbili, ndugu. Miche mia mbili tumeahidiwa,
na benchi, na bomba la maji.
Thelathini na nne inatupa nini?"
Upande wa jua wa barabara kweli ulikuwa mtupu,
visiki vitatu, lami inanata.
Ramani yangu haijui pande. Kwake mtaa ni mstari.

Nikaandika thelathini na nne.
Usiku nikaamka nikifikiria visiki.

Gari lilirudi Septemba.
Picha ya mwisho ya Nakaduli: mlango wa gereji
umepakwa kijivu, rangi bado mbichi,
na mtu kasimama kando, brashi mkononi,
uso umetiwa ukungu kama sheria inavyotaka,
lakini mabega nayajua.
Hataki kunipa hata nukta moja.